Natazama kwa Masikio

Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani Kayole, Nairobi, na TV iko kushoto kwa cherehani. Ndiyo maana maoni yangu kuhusu filamu hayapatani na ya watu wengi. Wenzangu watakusifia kamera ilivyopita juu ya milima. Mimi wakati huo macho yako kwa pindo. Ukitaka nikufuate, ongea.

Kwa kipimo hicho, walionitendea haki kuliko wote ni wale wa KBC, runinga ya taifa ya Kenya, wa zamani. Vioja Mahakamani ni mdomo mtupu: mshtakiwa anajitetea kwa uongo ambao hata mtoto wa nasari angeona haya kuusema, na bado anasisitiza. Unaweza kumaliza shati zima, kola na vifungo, na hukumu usiikose. Na Vitimbi! Mzee Ojwang alikuwa akiingia kwa sauti kabla mwili haujafika mlangoni, na Mama Kayai alikuwa ameshamjibu. Benson Wanjau, aliyekuwa Ojwang huyo, alikuwa Mkikuyu, lakini Kiswahili chake cha Kijaluo kilikaa sawasawa hadi kuna watu waliojua jina lake halisi alipofariki mwaka 2015. Vijana wanasema vile vipindi vilikuwa chumba kimoja na makochi. Ni kweli. Mimi sikuwa natazama makochi.

Halafu kuna hizi tamthilia za Citizen TV za baada ya habari za saa moja. Watu huzicheka, eti mambo yanarudiwa mno, eti mwenye siri lazima aiseme kwa sauti akiwa peke yake chumbani, na nyuma ya mlango kuna mtu anasikiliza. Mimi nashukuru. Wakati wa tamthilia ya Maria nilishona sare za shule jioni baada ya jioni bila kupotea njia. Wahusika wanaitana majina kila sentensi, ngoma ya wasiwasi ikianza najua adui ameingia, na nikiitwa mlangoni na mteja sina haraka. Nililokosa leo litasemwa kesho na mama mwenye nyumba, kisha na mfanyakazi, kisha na rafiki ya mfanyakazi. Sultana nayo niliipenda kwa sababu ya Kiswahili chake cha Pwani, na kwa sababu binti mwenyewe haoni. Alikuwa akiwatambua watu kwa sauti, na mimi pia, tukaenda pamoja hivyo hivyo.

Shida huanza nikiinua macho, maana huwa naona nguo. Sisemi tamthilia gani, ni karibu zote. Mjane wa kijijini ametoka shambani, anafuta jasho, na leso aliyojifunga bado ina mistari ya mikunjo ya dukani. Msichana amefukuzwa kwa kukosa kodi, gauni lake lina bitana na zipu ya kufichwa. Hiyo zipu mimi huilipisha zaidi! Ningeomba wale wanaowavisha waigizaji wapite soko la mitumba la Gikomba asubuhi moja, wachukue nguo ambazo zimewahi kufuliwa.

Mpwa wangu, anayekaa kwangu akisoma chuo, ni mtu wa tamthilia za Kikorea, na hizo zina maandishi chini. Tunagombana.

"Amesema nini huyo?"

"Amekasirika, Anti."

"Ameongea dakika nzima. Amekasirika kuhusu nini?"

"Ngoja kwanza, nasoma."

Akimaliza kusoma, mwanamke ameshalia, mwanamume ameshaondoka, na mimi ninachopewa ni "wameachana." Hivyo ndivyo nilivyopokea mapenzi yote ya Korea, kwa neno mojamoja. Ila ile Squid Game ya mwaka 2021, kipindi cha kwanza, sikuuliza kitu. Lile doli kubwa linaimba, wimbo unakatika, kimya, halafu risasi. Linaimba tena. Mguu wangu ulikuwa ukisimama kwenye pedali kila wimbo ulipokatika, kama kwamba nami niko uwanjani. Zile ghorofa za matajiri na vinyago vyao baadaye zilinichosha, na sielewi kwa nini watu walizisifu.

DJ Afro, yule anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili zikiendelea, mpwa wangu hataki hata kumsikia. Anasema ni kelele. Mimi nasema kama kuna mtu aliyewahi kuwafikiria watu ambao mikono yao ina kazi, ni yeye. Filamu ya Kichina inapigana, na yeye anakueleza staringi, yaani shujaa wa filamu, ni nani, adui anawaza nini, na kwa nini yule wa kando hatafika mwisho. Kuna filamu nilizozipenda akiwa ndani, nikazirudia bila yeye, zikawa watu wanarukiana tu. Tatizo lake ni moja: pakihitajika kimya, hanyamazi. Staringi anamzika mamake, na bado anatiliwa mzaha.

Nairobi Half Life ya 2012 inaanza na kijana wa aina hiyo hiyo. Mwas, aliyechezwa na Joseph Wairimu, anauza filamu kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja, mapigano, sauti na yote. Akija Nairobi kuwa mwigizaji anaibiwa akiwa hajapata hata pa kulala. Niliifuata vizuri kwa masikio kwa sababu Sheng yao ni ile ninayoisikia hapa chini kwa ngazi. Filamu nyingi zetu, jambazi anaongea kama mtu anayesoma karatasi. Hawa wanakatizana, wanatukanana, wanacheka katikati ya neno. Sehemu za jukwaani, anapofanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, ndizo niliziona zimepoa, lakini najua ndizo zinazobeba hadithi.

Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, ilinishinda kwanza. Haifiki hata nusu saa na karibu haina maneno. Nilichosikia ni cherehani yangu mwenyewe. Nikairudia mikono mitupu. Dunia imeishiwa maji, watu wanasafisha jasho na mkojo wao wanywe, na msichana anautunza mche kwa maji yake ya kipimo. Mtu wa Kayole anayesubiri zamu ya mfereji na mitungi hahitaji kuelezewa hiyo. Ni nzuri, ila si ya siku ya kazi.

Supa Modo, ya Likarion Wainaina, ilinifanya nizime mashine kabisa. Jo ni mtoto anayekufa, na anapenda filamu za mashujaa. Dadake anamfanya aamini kwamba ana nguvu, na kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo huo. Mengi yanayoumiza humo hayasemwi. Mama mtu anatazama tu. Nilikuwa na gauni la mteja mapajani, mkono mmoja haujawekwa, na mkono huo ukalala hivyo hadi asubuhi. Stycie Waweru, aliyekuwa Jo, hadeki hata kidogo, hakuombi umhurumie, na hapo ndipo anapokumaliza. Mpwa wangu alienda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Country Queen, ile ya 2022 ya kampuni ya kuchimba madini kijijini, tulitazama vipindi vyote sita kwa sababu mpwa wangu alitaka. Pale kijijini, Akisa, mhusika mkuu, akiwa na watu wa kwao, wakichanganya Kikamba na Kiswahili, niliinua kichwa mwenyewe bila kuitwa. Sehemu za Nairobi, na zile ofisi za vioo, nilizitumia kutia vifungo.