Tochi safu ya pili

Jumanne, usiku

Makaratasi ya testi yamerundikana mezani na sijayagusa. Acha kwanza niandike haya, maana yamenikaa kooni tangu jioni.

Lekcha yangu ya uchumi, mwaka wa kwanza, huanza saa kumi na moja na kuisha saa moja. Ukumbi hujaa: wa Kibondo, wa Pemba, wa Masasi, wawili kutoka Burundi, mama mmoja aliyerudi kusoma baada ya kulea wanawe. Safu ya pili, upande wa kushoto, hukaa binti kiziwi. Mbele yake husimama mkalimani wa lugha ya alama, mmoja tu, kwa saa mbili nzima.

Saa kumi na mbili na nusu umeme ukakatika. Nikaendelea kufundisha. Nimeshazoea, projekta ikizima napaza sauti na kazi inasonga. Nilikuwa katikati ya mfano wa bei ya sukari nilipoona mwanga upande wa kushoto. Vijana watano sita wamewasha tochi za simu, wamezielekeza kwenye mikono ya mkalimani. Hakuna aliyewaagiza. Mmoja alikuwa amepanda juu ya benchi ili mwanga umfikie mkalimani usoni, kwa sababu kwenye lugha ya alama uso nao unasema. Nyusi ndizo zinazokuambia kama hilo ni swali au ni maelezo.

Nikanyamaza katikati ya sentensi. Wiki sita nzima nilikuwa naamini kwamba mkalimani akishakuwepo, mambo yako sawa.

Sikuwahi kujiuliza binti huyu anaandikaje. Macho yaliyo kwenye mikono hayawezi kuwa kwenye daftari. Notsi zote anapewa na jirani yake, na wiki jirani alipolazwa na malaria, hakukuwa na notsi. Na lile dirisha! Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia mkalimani asogee dirishani asizibe ubao. Jua la jioni linampiga mgongoni, uso wake unabaki kivuli.

Baada ya kipindi niliwaomba wabaki. Nikamgeukia mkalimani nikauliza, "Huwa ananielewa?" Mikono ya binti ilitangulia, sauti ya mkalimani ikafuata: "Niulize mimi, Madam."

Niliona aibu, ya haki kabisa. Nikamtazama yeye, nikamwuliza yeye.

Akanieleza. Alianzia Tabora, kwenye shule ya viziwi iliyofunguliwa mwaka 1963. Mkalimani alijifunzia Buguruni, hapa Dar, na ishara za shule moja si zote zinazofanana na za nyingine, kwa hiyo mara nyingine inabidi wakubaliane kwanza. Lugha ya alama ndiyo lugha yake. Kiswahili ni ya pili, na Kiingereza ninachofundishia ni ya tatu. Halafu yapo maneno ya uchumi ambayo wao hawana ishara yake. Lile la jinsi wanunuzi wanavyoitikia bei ikipanda, "elasticity", lina herufi kumi, na mkalimani analitaja herufi moja moja kwa vidole. "Akifika herufi ya kumi," akasema, "wewe umeshavuka sentensi mbili." Kwa lekcha ya leo nadhani nimelitaja mara thelathini.

Mkalimani alikuwa anajisugua kifundo cha mkono. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili, wanapokezana kila dakika 20 au 30, kwa sababu akili inachoka na makosa yanaanza kuingia bila mwenyewe kujua. Tumeomba wa pili. Jibu ni bajeti. Hapo ndipo ninapokasirika, na sioni sababu ya kuficha. Sheria ya watu wenye ulemavu ipo tangu 2010. Siku ya kupokea wanafunzi wapya tulisimama jukwaani tukajisifu kwamba chuo chetu ni cha kila mtu, na mpaka leo masomo ya binti huyu yanategemea afya ya jirani yake.

Jumanne, wiki mbili baadaye

Mkalimani sasa anasimama upande wa ubao. Slaidi nazituma Jumamosi ili wao wawili wazipitie kabla. Nikichora grafu nafunga mdomo mpaka binti aitazame na kurudisha macho. Mwanzoni ukimya ule ulinitesa, lakini yule mama wa makamo amenifuata kuniambia kwamba naye sasa anapata muda wa kuandika. CR, mwakilishi wa darasa, amepanga watu wanne wa notsi kwa zamu, picha zinatumwa kabla ya saa nne usiku.

Mkalimani wa pili bado. Kesho napeleka barua ya tatu, safari hii na sahihi za darasa zima.

Leo kabla ya kipindi binti alinijia mbio, akaweka mkoba chini. Akabana vidole vya mikono yote miwili, akavuta kitu kisichoonekana kama anayenyoosha mpira wa manati, kisha akakirudisha taratibu. Mkalimani akatabasamu: "Tumekubaliana. Hili ndilo lile neno."

Nikajaribu. Nilivuta kwa nguvu mno, akanishika vidole akanirekebisha. Nilipolitaja ukumbini nililifanya kwa mikono pia, na safu ya pili yote ikalifanya pamoja nami.

Wiki ijayo tunaingia kwenye ukiritimba. Slaidi nimeshazituma.