Seva ya Ghana iliyopona kwa sababu umeme ulikatika

Jumamosi nimekuta diski ya bakapu (nakala ya akiba ya data) pale ofisini imechomekwa kwenye seva ileile inayobakapiwa, na imekaa hivyo miaka miwili. Nilishtuka jamani, maana nikiona hivyo nawakumbuka Maersk.

Hawa ni wale Wadenmaki wa meli, makontena yao unayaona kila bandari. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya viliwaingia kupitia apdeti ya programu ya uhasibu ya Ukraine, kompyuta zikaanza kufa ofisi baada ya ofisi dunia nzima. Virusi vilijifanya vinadai hela kumbe hata ukilipa data hurudishiwi.

Sasa sikia. Seva za kawaida walikuwa na bakapu zake. Ila zile zinazotunza nani anaruhusiwa kuingia wapi kwenye mtandao, zilikuwa kama 150, kila moja inanakili za wenzake, wakaona hii ikifa ile ipo, hakuna aliyewaza zinaweza kufa zote siku moja na bila hizo mengine yote hayafufuki.

Ikabaki moja tu, Ghana! Umeme ulikatika pale kabla virusi havijafika, ikawa imezima, ikapona. Intaneti ya pale nayo ndogo, kutuma mamia ya gigabaiti ingechukua siku kadhaa, na watu wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, walikokuwa mafundi wanaofufua mtandao, ikabidi mmoja apande ndege mpaka Nigeria akamkabidhi mwenzake diski uwanja wa ndege, ndo ikafika Uingereza. Ndani ya siku 10 wakasimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Hasara ilikadiriwa dola milioni 250 mpaka 300.

Ndo maana mi nakomaa, kopi inayofuata kila kitu kinachotokea kwenye seva itafuata na ugonjwa wake. Bakapu ichomolewe, ikae jengo lingine, na uwe ushawahi kuirudisha ukaona inafunguka, hapo wengi tunaruka. Netflix, wale wa filamu za mtandaoni, wao walitengeneza kabisa programu inaitwa Chaos Monkey, kazi yake kuzima seva zao wenyewe bila mpangilio, saa za kazi, mafundi wakiwepo, waone huduma inasimama au inaendelea.

Leo nimeomba diski mbili, za kupokezana, moja ikiwa kazini nyingine inalala tawi la pili. Ijumaa natafuta kompyuta tupu nijaribu kurudisha data za mwezi uliopita.