Ati kesi ilianguka? Kuna mlango mwingine wa fidia

Kuna sentensi moja nimeisikia mpaka imenichosha: "kesi ilianguka." Ukiuliza ile stori ya mwalimu fulani aliyenajisi mwanafunzi, au ya yule mzee wa makao ya watoto, iliishia wapi, unaambiwa kesi ilianguka na hapo hapo watu wanaanza kuongea bei ya unga. Yule mtoto saa hii ni mtu mzima, ana watoto wake, usingizi haupati, na kichwani mwake korti ilishaamua kwamba yeye ni mwongo.

Sasa mimi si wakili, wacha niseme hiyo mapema. Nimefanya kazi ya paralegali huku mtaani Kenya kwa muda, hii ya kusindikiza watu kituoni na kuwasaidia kuandika taarifa, na kitu imenishangaza ni vile watu wengi hawajui kwamba kesi ya jinai na kesi ya fidia ni vitu viwili tofauti kabisa. Ile ya kwanza ni ya serikali dhidi ya mshukiwa, wewe ni shahidi tu pale, huamui chochote, na lazima ithibitishwe mpaka isibaki shaka ya maana, kwa hivyo P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, ikipotea au askari aliyechunguza akihamishwa Lodwar na asirudi kutoa ushahidi, mtu anaachiliwa. Ya pili ni yako. Wewe ndio unashtaki, na hapo korti inaangalia tu ni upande gani unaaminika zaidi, mizani ikiinama kwako hata kidogo umeshinda.

Na hii si nadharia. Wasichana wawili wa shule ya msingi kule Nakuru walinajisiwa na naibu wa mwalimu mkuu, mwaka wa 2010. Korti ya jinai ikamwachilia mwalimu. Wengi wetu tungekunja mkeka hapo. Lakini kesi ilipelekwa Mahakama Kuu Nairobi kama ombi la kikatiba, yaani kesi ya kusema haki zako za katiba zimevunjwa, kwa herufi tu za majina yao, W.J. na L.N., na tarehe 19 Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba ndiyo, walidhulumiwa, na akasema si mwalimu peke yake anabeba huo mzigo, TSC, ile tume inayoajiri walimu, na serikali pia wamo. Wasichana wakapewa fidia ya shilingi milioni 5 kwa jumla. Soma tena hapo kwa TSC. Mwajiri ndiye aliyempa yule mtu darasa, ndiye aliyempa cheo, na mtoto alimtii kwa sababu ya hicho cheo, so mwajiri hawezi kuja kortini kusema hayo mambo alifanya kivyake nje ya kazi. Na jaji alikemea sana hii tabia ya kumtoa mwalimu shule moja na kumpeleka nyingine kana kwamba ni shida ya stafu kuelewana.

Hiyo ya kuhamisha sisi tuliosoma bweni tunaijua bila kufundishwa na jaji. Shule niliyosoma, sitaitaja, wasichana wa form two walikuwa wanawaambia wa form one usikubali kutumwa kwa nyumba ya fulani peke yako, ukitumwa peleka vitabu mkiwa watatu. Sheria ya bweni hiyo! Watoto walikuwa na mfumo wa kujilinda na staffroom yote haikuwa na wowote. Kisha siku moja tukasikia amehamishwa, tukapiga makofi, na hakuna aliyeuliza amepelekwa kwa watoto wa nani. Mwaka wa 2010 TSC ilitoa waraka, namba 3 wa mwaka huo, unaosema mwalimu akijua au akishuku mwanafunzi ananyanyaswa lazima aripoti, na akinyamaza naye ana kesi ya nidhamu. Kwa mtu anayedai fidia huo waraka ni dhahabu, kwa sababu swali linabadilika kutoka "je alifanya?" na kuwa "nani mwingine alijua, na alifanya nini?"

Swali naulizwa zaidi ni la muda. "Ilikuwa 1996, si nimechelewa?" Jibu ni inategemea unapita njia gani. Ukienda kwa kesi ya kawaida ya madai, ile ya kusema shule ilizembea nikaumia, una miaka 3, ingawa kwa mtoto saa haianzi kuhesabu mpaka afikishe miaka 18. Ukishtaki serikali kwa njia hiyo ni mbaya zaidi, miezi 12 tu, na niambie ni mtoto gani wa kunajisiwa anakuwa tayari kuongea ndani ya miezi 12. Lakini njia ya katiba, ile waliyopita wale wasichana, haina tarehe ya mwisho iliyoandikwa mahali. Korti itakuuliza mbona umekaa, na lazima uwe na maelezo, lakini haikufungii mlango kwa kalenda peke yake. Watu walioteswa Nyayo House, lile jengo la serikali Nairobi, enzi za Moi walienda kortini miaka mingi baadaye, na mwaka wa 2010 Mahakama Kuu ikawapa fidia. Kwa hivyo kama daktari au mshauri nasaha ameandika kwamba uliogopa, ulitishwa, au akili ilifunga hiyo kumbukumbu, hiyo karatasi itunze vizuri, ndio majibu ya "mbona umekaa".

Na katiba yenyewe, kifungu cha 22, inasema mtu mwingine anaweza kufungua kesi kwa niaba ya asiyeweza, na kwamba kufungua kesi ya aina hiyo hakutozwi ada. Kifungu cha 23 kinataja fidia kati ya vitu korti inaweza kuamuru. Cha 53 ndicho cha watoto, kulindwa dhidi ya dhuluma na kutelekezwa. Hizo namba tatu ziandike mahali, ukienda kwa ofisi ya mtu usionekane umekuja kuomba msaada, umekuja na haki yako.

Shule ya serikali ni rahisi kidogo kujua unashtaki nani. Makao ya watoto na shule za kibinafsi ndio kuna kizungumkuti, kwa sababu leo yanaitwa hivi kesho vile, mfadhili yuko ng'ambo, mkurugenzi ni mke wa mchungaji, na ukifika pale unaambiwa usajili ulikuwa wa kikundi kingine. Kazi ya kwanza ya wakili mzuri hapo si kuandika vitu vya kulia machozi, ni kutafuta nani alisajiliwa, nani alilipa mishahara, shamba liko kwa jina la nani. Kama ni kanisa, mara nyingi mali iko chini ya wadhamini waliosajiliwa, na hao ndio unawashtaki, si parokia.

Kuna pia fidia ndani ya kesi yenyewe ya jinai, akipatikana na hatia. Kenya hakimu anaweza kuamuru mshtakiwa alipe, na kuna Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inayoongeza nguvu hapo. Wenzetu Tanzania wako mbele kwa karatasi: Kanuni ya Adhabu yao, kifungu cha 131, inasema mbakaji akihukumiwa lazima pia aamriwe kumlipa aliyebakwa fidia. Safi. Shida ni kwamba anayelipa ni mfungwa, na mfungwa wa miaka 30 atalipa na nini? Ndio maana mimi hurudi pale pale, tafuta taasisi.

Wale wa nchi zingine wamejaribu kitu tofauti, mfuko maalum wa fidia ili mtu asilazimike kuhojiwa kortini na wakili wa kanisa. Ireland walianza 2002, lakini sheria yao ikawakataza waliolipwa kusimulia waliyoyasema na walicholipwa, yaani unapewa hela na plasta ya mdomo. Australia walianza wao Julai 2018 baada ya tume ya kuchunguza dhuluma za watoto kwa taasisi kukaa miaka, wakaweka kikomo cha dola 150,000 za kwao, wakati tume ilikuwa imependekeza 200,000, na ukikubali unasaini kwamba hutashtaki tena hiyo taasisi. Canada ndio napenda hesabu yao, watoto wa wenyeji waliopelekwa kwa lazima shule za bweni walilipwa dola 10,000 kwa mwaka wa kwanza na 3,000 kwa kila mwaka wa ziada, kwa kuwa tu walikuwa pale, bila kuulizwa nani alikushika wapi, na aliyetendewa zaidi akawa na njia yake kando. Hapa kwetu hatuna kitu kama hicho kwa watoto wa taasisi. Mwaka wa 2015 rais alitangaza mfuko wa bilioni 10 kwa waliodhulumiwa zamani kwa jumla, baada ya ripoti ya tume ya ukweli na haki. Wacha hiyo nisiiongelee, presha itapanda.

Najua kuna mama anasoma hii anasema hizo ni pesa za aibu, hatuwezi kula uchungu wa mtoto. Mama, nakuelewa, na hakuna wa kukulazimisha. Lakini wale wazee waliokaa chini ya mti na chifu wakasema mbuzi wawili na blanketi, si hiyo pia ilikuwa fidia? Tofauti ni kwamba ile ilimlipa baba na ikamnyamazisha mtoto, tena ilikuwa kinyume cha sheria, unajisi hausuluhishwi kwa baraza. Hii ya korti inaingia kwa jina la mtoto, inalipia ushauri nasaha, inalipia masomo aliyoyaacha, na kuna hukumu imeandikwa kwamba hakudanganya.

Ubaya wake nisiufiche. Kushinda serikali na kulipwa na serikali ni safari mbili. Huwezi kutuma madalali wa korti wakabebe gari la wizara, sheria inakataza mali ya serikali kukamatwa, kwa hivyo unachukua cheti cha amri ya korti, unakipeleka, unangoja, wasipolipa unarudi kortini kuomba afisa wa hesabu alazimishwe. Miaka inaweza kwenda hapo. Mwenye shule ya kibinafsi angalau basi lake lina namba na dalali anaweza kulifuata.

Wakili kama huna pesa, jaribu FIDA (chama cha mawakili wanawake), CRADLE (shirika la haki za watoto), au huduma ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Kama ni mtoto na inaendelea sasa hivi, achana na hii blogu kwanza, piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure. Na ukipata wa kulipa, akikuambia "usijali, tukishinda tunagawana nusu kwa nusu", toka hiyo ofisi, makubaliano ya wakili kugawana ushindi hayaruhusiwi Kenya. Mwambie aandike ada yake kwa karatasi, asaini, ubaki na kopi, na uulize mapema kabisa hundi itaandikwa jina la nani.