Kipeuo cha pili na kwaki nzito

589 na 563. Hizi namba mbili, mapengo ya nishati ndani ya chembe mbili za kwaki nzito (kwaki ni chembe za msingi, kama zile zinazounda protoni), ndizo zinazonichelewesha kulala siku hizi hapa Nyegezi, na mwenzangu wa ofisini, mwalimu wa kemia, ameshaniuliza mara kadhaa kama ziko kwenye silabasi. Haziko.

Novemba 1974 makundi mawili ya Marekani, la Samuel Ting kwenye maabara ya Brookhaven na la Burton Richter kwenye maabara ya SLAC, yalitangaza chembe ileile, J/ψ: kwaki ya aina ya chamu imeshikana na antikwaki yake, pacha wake wa chaji kinyume. Uzito wake ni MeV 3,097 (kipimo cha nishati tunachokitumia pia kwa uzito wa chembe), zaidi ya mara tatu ya protoni. Mwaka 1977 kundi la Leon Lederman pale Fermilab likaipata Upsilon, ya kwaki ya botomu, MeV 9,460. Ukipanda ngazi moja ya nishati kutoka J/ψ unaongeza MeV 589. Kwa Upsilon unaongeza 563. Botomu ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko chamu, halafu ngazi zinakaribia kulingana! Wanafizikia Quigg na Rosner walionyesha kwamba potenshali ya logi, yaani nishati ya mvuto inayokua kwa logi ya umbali, ingezilinganisha kabisa.

Mimi natumia potenshali ya Cornell, yenye sehemu mbili. Kwaki zikikaribiana, zinavutana kwa namna ya chaji za umeme. Zikiachana, mvuto haupungui hata kidogo: karibu GeV 1 (MeV 1,000) kwa kila femtomita, sawa na mzigo wa tani 16 unaoning'inia kwenye kamba. Itie hiyo kwenye mlinganyo wa Schrödinger wa fizikia ya kwanta, na ngazi zinatoka vizuri. Vizuri kupita kiasi, kwa maoni yangu, maana ndani ya J/ψ kwaki zinakwenda kwa takriban nusu ya kasi ya mwanga. Kwenye Upsilon mraba wa kasi hiyo ni kama 0.1 ya mraba wa kasi ya mwanga. Kwenye chamu ni kama 0.3. Hapo uhusianifu, zile kanuni za Einstein za mwendo wa kasi kubwa, hauwezi kupuuzwa.

Dawa ya haraka ni kuiondoa nishati mwendo ya shuleni, p²/2m, na kuweka kipeuo cha pili cha p² + m² (p ni momenta, m ni uzito, na kasi ya mwanga inahesabiwa kuwa 1). Nilifanya hivyo kwa Python, kibarazani, nikipangusa kioo kila mara kwa sababu ya vile vijidudu vya ziwani vinavyofuata mwanga. Ngazi zote zilishuka. Lazima zishuke, kwa kuwa kipeuo hicho hakiwezi kuizidi m + p²/2m. Nikagusa kidogo uzito wa kwaki na mkazo wa kamba (ile GeV 1 kwa femtomita), zikarudi zilipokuwa. Kumbe vigezo vinaumeza uhusianifu wote kimyakimya, na mtu anayejivunia ngazi peke yake hajathibitisha kitu.

Pa kubanana ni kwenye spini, ule mzunguko wa asili wa kila kwaki. J/ψ na ndugu yake ηc zinatofautiana kwa mwelekeo wa spini za kwaki tu, na pengo lao ni MeV 113 hivi. Kwa botomu ni kama 62, kati ya Upsilon na ndugu yake ηb, iliyopatikana na kundi la BaBar mwaka 2008. Pengo hili linategemea fanksheni ya wimbi (inayotoa uwezekano wa kuzikuta kwaki mahali fulani) pale kwaki zinapokutana, kwenye umbali sifuri. Sasa ukishaweka kipeuo, pale sifuri fanksheni haitulii: naongeza nukta za gridi ambako kompyuta inapiga hesabu, ncha inapanda, naongeza tena, inapanda tena. Programu haina kosa, ndiyo tabia ya mlinganyo wenyewe ukikutana na mvuto wa 1/r. Wanafizikia Godfrey na Isgur, mwaka 1985, walikwepa kwa kuisambaza nguvu ya mgusano, ile ya spini, juu ya umbali mdogo badala ya kuiacha kwenye nukta moja. Wengine wanaiita ujanja. Mimi naiona haki kabisa, mradi upana huo usichaguliwe upya kwa kila chembe.

Njia kamili ni mlinganyo wa Bethe na Salpeter wa 1951, lakini huo unakuletea kila kwaki na wakati wake, na kiini chake, yaani maelezo ya jinsi kwaki zinavyoathiriana, lazima ukikate mahali fulani. Laptop yangu haina mabavu hayo.

Kwa hiyo nimehamia Bc, iliyopatikana na kundi la CDF mwaka 1998: botomu na chamu ndani ya chembe moja. Uzito uliopimwa ni takriban MeV 6,274. Vigezo vyote nimeshavifunga kwa chamu na botomu, na sivigusi tena mpaka namba ya Bc itoke.