Besi iliyopotea kwenye jeki

Mzee alituachia sterio ya zamani, amplifaya nzito na spika mbili za mbao. Kwa miaka mingi kazi yake pale sebuleni Nkuhungu, Dodoma, ilikuwa kubeba vitambaa vya mama. Mwaka jana nilinunua saundi kadi ya USB, kisanduku cha kuingiza na kutoa sauti kwenye laptopu, ili nirekodi zeze la mjomba kabla vidole vyake havijachoka. Kurekodi kulienda vizuri. Kazi ilianza nilipotaka mwenyewe asikie zeze lake kwa sauti ya kueleweka, siyo kwenye spika za laptopu zinazolia kama nyuki ndani ya chupa.

Nyuma ya saundi kadi kuna matundu mawili makubwa ya jeki ya milimita 6.35, la kushoto na la kulia. Nyuma ya amplifaya kuna RCA, vile vitundu vidogo vya mviringo vya kuingizia sauti, nyekundu na nyeupe. Nikashuka mjini, duka moja jirani na soko la Majengo, nikaomba waya wa jeki kubwa kwenda RCA. Nikapewa wenye jeki moja upande huu na RCA mbili upande ule. Nikalipa, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Nilichomeka jeki kwenye tundu la kushoto. Sauti ikatoka, lakini sauti gani! Zeze lilisikika kama linapigwa nyuma ya kisogo changu, na besi haikuwepo kabisa. Nikaweka ngoma ya muheme, ambayo kina mama wakiipiga unaisikia tumboni. Ikawa kama mtoto anagonga boksi. Nikiegemea spika moja, besi inarudi. Nikikaa katikati, inatoweka. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza taratibu, "Mjomba, zeze langu umelinyima chakula?"

Nikalaumu spika. Nilifungua waya za spika moja nikazigeuza, nyekundu kwa nyeusi, na papo hapo besi ikajaa chumba. Nilijiona fundi. Furaha ilidumu mpaka nilipofungua redio kwenye amplifaya ileile: sasa redio ndiyo imepoteza besi. Halafu nikagundua kitu kingine, kwamba spika zote mbili zilikuwa zinatoa kitu kimoja. Sauti ya maikrofoni niliyoipeleka kulia kwenye programu ya kurekodi haikusikika upande wowote.

Hapo nikambebea waya fundi redio mmoja wa mtaani, mtu mzima wa makamo ya baba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Spika zimeungua?"

Nikamsimulia. Hakugusa hata bisibisi, aliitazama jeki tu. "Hesabu pete nyeusi." Zilikuwa mbili. Akanieleza kwamba jeki ya pete mbili ina njia tatu: ncha, pete ya kati na shina. Kwenye tundu la hedifoni, ncha hubeba kushoto na pete ya kati hubeba kulia. Kwenye matundu ya nyuma ya saundi kadi siyo hivyo. Pale kila tundu ni upande mmoja tu, na pete ya kati hubeba sauti ileile ikiwa imepinduliwa, ili mashine ya studio inayoipokea itoe tofauti ya hizo mbili na kelele zilizookotwa njiani zifutike. Waya wangu ulichukua sauti iliyo wima ukaipa spika moja, na iliyopinduliwa ukaipa nyingine. Spika moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta. Besi ingetoka wapi?

Nilichohitaji ni waya mbili, kila mmoja na jeki ya pete moja huku na RCA moja kule. RCA haina nafasi ya ile njia ya tatu. Aliniambia nisome kwanza kitabu cha saundi kadi, maana zipo ambazo hazipendi pete ya kati iunganishwe na shina. Yangu inaruhusu. Nikanunua za mita mbili, za kawaida. Zile zilizopakwa dhahabu kwa bei ya mbuzi niliziacha dukani. Nikachomeka kwenye AUX, mlango wa vifaa vya kawaida nyuma ya amplifaya, siyo PHONO, maana PHONO ni ya santuri na huikuza sauti ndogo ya sindano na kuiongezea besi. Amplifaya niliiwasha ikiwa chini kabisa: kwa kawaida saundi kadi ya studio hutoa volti 1.23, vifaa vya nyumbani huzoea kama 0.32.

Ukabaki mngurumo wa chini, uuu, wa umeme wetu wa hezi 50. Nikichomoa chaji ya laptopu, unakufa. Nikahamishia chaji na amplifaya kwenye ekstensheni moja, ukapungua. Nilipochomoa waya wa king'amuzi uliokuwa umeunganishwa na amplifaya hiyohiyo, ukaisha. Waya ule wa kwanza bado ninao, unakaa kwenye tundu la hedifoni na hapo unafanya kazi yake sawasawa.

Jumapili mjomba alikuja tena. Safari hii alifumba macho. Ulipoisha wimbo nikangoja sifa zangu.

"Rudisha mwanzo," akasema. Nikarudisha. "Umesikia? Uzi mmoja ulikuwa umelegea. Tutarekodi upya."