Seva ya barua: 550 5.7.25 imekoma

Hatimaye barua pepe zote zinazotoka kwenye seva yangu zinafika. Kilichonikera zaidi ni kwamba kukataliwa kwenyewe hakukuwa na mpangilio: barua ileile, kwa mpokeaji yuleyule, ilipokelewa asubuhi na jioni ikarudishwa na jibu 550 5.7.25, yaani anwani ya IP iliyotuma haikuthibitika kwa jina lake. Rekodi ya PTR (ile ya DNS inayotoa jina la anwani ya IP) ilikuwapo, jina lake lilirejea kwenye anwani ileile, na Postfix, programu inayotuma barua zangu, ilijitambulisha kwa jina hilohilo katika EHLO, salamu ya kwanza kwa seva inayopokea.

Tovuti za ukaguzi zilinipa alama za kijani tupu, na ndiyo maana siziamini tena: nilizotumia zilikagua IPv4, aina ya zamani ya anwani za IP, na kunyamaza kuhusu IPv6, aina mpya iliyo ndefu zaidi. Logi ndiyo iliyosema kweli. Kila mstari wa kukataliwa ulikuwa na anwani ndefu ya nukta pacha, kwa kuwa Postfix, mpokeaji akiwa na IPv4 na IPv6, huchagua mojawapo kwa nasibu isipoelekezwa vinginevyo. Nilipoiuliza dig -x, amri ya kutafuta PTR, kuhusu anwani yangu ya IPv6, ilijibu NXDOMAIN, yaani rekodi hiyo haipo.

Wengi hushauri kuandika inet_protocols = ipv4, yaani Postfix itumie IPv4 pekee, na kuendelea na maisha; mimi sikutaka, kwa sababu huko ni kuficha ugonjwa. Hata hivyo PTR ya IPv6 hukaa chini ya ip6.arpa, tawi la DNS la anwani za IPv6, tarakimu zote 32 zikiwa zimegeuzwa na kutenganishwa kwa nukta, na mwenye mamlaka nayo ni mwenye anwani, si mwenye kikoa. Mtoa huduma wangu aling'ang'ania kuniambia niiongeze kwenye kikoa changu, ambako hakuna seva yoyote duniani ingeitafuta, mpaka fundi mmoja alipoisoma hoja yangu kwa makini na kuiingiza. Nami nikaongeza ip6: kwenye SPF, rekodi inayotaja anwani zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa changu, na foleni ya barua ikaisha.

Zamu ya DMARC, rekodi inayosema barua zisizothibitika zifanyweje, ilikuwa imefika, lakini nimeiweka kando ili niandike skripti ndogo inayochukua kila anwani ya kutuma barua, kuuliza PTR yake, kisha kulirudisha jina kwenye A au AAAA (rekodi za jina kwenda anwani ya IPv4 au IPv6) na kupiga kelele visipolingana. Upande wa IPv4 inafanya kazi. Upande wa IPv6 bado inaona 2001:db8::25 na 2001:db8:0:0:0:0:0:25 kuwa anwani mbili tofauti, ilhali ni moja iliyofupishwa.