"Nilikuwa nakusubiri tu uruke"

Ni maneno machache, lakini yamenikaa kifuani tangu Jumapili. "Wala sikubahatisha, dada. Nilikuwa nakusubiri tu uruke." Binamu aliyasema taratibu huku akiweka kontrola mezani, bila majivuno yoyote. Nikamjibu, "Hongera." Afadhali angejisifu, ningepata pa kukasirikia.

Mnatujua tunavyocheza: Super Smash Bros. Ultimate, gemu ya video ya kupigana na kurushana nje ya jukwaa, roho tatu kila mmoja, anayetangulia kushinda michezo miwili ndiye mshindi. Yeye anamchezesha Marth, mpiganaji wa upanga, mimi Mario. Mchezo wa tatu, kila mtu kabakiwa na roho moja, mimi niko asilimia 134 ya maumivu (ikipanda, pigo hukurusha mbali zaidi), nimening'inia ukingoni mwa jukwaa. Nikaruka. Ncha ya upanga ikanikuta hewani, na kwa Marth ncha ndiyo inayoumiza kuliko sehemu nyingine ya upanga. Basi.

Nakusubiri tu uruke. Nimeyasikia nikiosha vyombo, nimeyasikia kwenye basi. Wiki yenyewe haikuwa ndogo, maana nimehamishiwa zamu ya asubuhi na dada amejifungua mtoto wa kike, wote wawili wazima, alhamdulillahi. Lakini hata nilipompakata mtoto nilijikuta nauwaza ukingo ule. Kilichoniuma ni kwamba kuna mtu alikuwa ananijua kuliko ninavyojijua.

Ijumaa usiku nikafungua rekodi za michezo yote mitatu, nikachukua karatasi. Nilishika ukingo mara 14. Niliruka mara 11.

Nikarudi mwanzo kabisa, na hapo ndipo nilipoacha kuumia nikaanza kufurahi, kweli kabisa, peke yangu saa sita usiku. Mara ya kwanza kushika ukingo, mchezo wa kwanza, sikuruka. Nilipanda kawaida, nikainua ngao, naye akanikaba palepale akanirusha nje. Ngao huzuia pigo lakini haizuii kukabwa, hilo nalijua miaka yote. Mkabo ule mmoja ukaniogopesha kupanda kawaida kwa michezo mitatu mizima! Yeye aliutumia mara moja tu, mengine nikajifanyia mwenyewe.

Tena angalieni alikosimama. Ukiwa ukingoni una njia tano: kupanda kawaida, kupanda kwa pigo, kujiviringisha kuingia ndani, kuruka, au kujiachia na kurudi kwa mruko wa hewani. Gemu inakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, na jicho na kidole cha binadamu vinahitaji kama robo sekunde, yaani fremu 15 hivi. Hakuna anayeweza kuzingoja zote tano kwa macho tu, lazima kuna njia ataiacha. Binamu alikuwa anarudi nyuma hatua chache: nikiruka upanga unanifikia, nikijiviringisha naishia miguuni pake. Kupanda kawaida alikuwa ameniachia wazi, na muda mwingi wa kupanda huko huguswi. Mara sita nilikuwa na mlango mweupe mbele yangu.

Sikuuona kwa sababu nilikuwa namtazama Mario. Uamuzi wa kuruka nilikuwa naufanya nikiwa bado naelea huko nje, kabla hata mkono haujagusa ukingo, kabla sijajua Marth yuko wapi.

Jana nikamwomba mdogo wangu tucheze, naye akamchukua Marth. Sikutaka kushinda, nilitaka kitu kimoja tu: nikishika ukingo, macho yaende kwenye miguu yake. Akiwa mbali, napanda. Akinisogelea sana, naruka au najiviringisha nimpite. Mwanzoni vidole vilinitangulia kila mara. Halafu katika mchezo wa nne nikamwona amerudi nyuma, nikapanda tu kama mtu anayepanda ngazi, nikatembea hadi katikati ya jukwaa. Hata hakugundua kilichotokea. Mimi moyo ulikuwa unadunda.

Binamu anakuja tena Jumapili ijayo. Sijamwambia kitu.

Jambo jingine ni Baba. Mara mbili wiki hii amenipa simu yake nimsomee ujumbe, anasema mwanga wa sebuleni ni hafifu. Leo tulikuwa tumekaa nje mchana, akanipa tena.